Chumba Kimoja cha Vitanda Viwili



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, binti mmoja wa kwaya alinivuta pembeni karibu na groto. Yeye na mchumba wake wanataka kwenda Kilimanjaro mwezi wa kumi na mbili, siku tatu, wauone mlima, wafike Ziwa Chala, wapige picha, warudi. Ndoa yao ni mwakani. Akaniuliza, "Kaka, hiyo ni dhambi?"

Nikamjibu kwamba kusafiri siyo dhambi. Akacheka, akashukuru, akakimbilia mazoezi ya kwaya. Mimi nikabaki na deni, maana jibu lile lilikuwa fupi mno, na pale parokiani sidhani kama kuna mtu mwenye haki ndogo kuliko mimi ya kulijibu swali hilo kwa ufupi. Sasa dada, hili hapa jibu refu. Mke wangu amelisoma kwanza. Amefuta sehemu mbili na ameongeza neno moja, mtaliona.

Wakati ule nilikuwa katibu wa vijana. Kwetu ni Kisarawe. Yeye alikuwa anafundisha shule ya msingi Kibaha. Ukitazama ramani ya Mkoa wa Pwani utasema hawa ni majirani, na ni kweli. Lakini kwa sisi wa daladala ilikuwa kushuka Gongo la Mboto, kutafuta gari la Mbezi, kisha Mbezi kupanda la Kibaha, na jioni kurudi hivyohivyo. Uchumba wetu ulikuwa uchumba wa nauli. Tulionana Jumamosi mbili kwa mwezi, siku nyingine zote ni simu. Barua ya posa ilikuwa imeshajibiwa, mahari nusu imelipwa, ndoa tumeipanga baada ya Pasaka.

Mwaka ule Kilimanjaro ilikuwa imeniingia kichwani. Nilisoma kila nilichokipata. Nilijua kwamba mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kuwa ameona theluji karibu na ikweta, mwaka 1848, wapo wasomi wa Ulaya waliomkejeli. Nilijua kwamba kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya kileleni ilipungua kwa takriban asilimia 85. Na UNESCO walipotoa taarifa mwaka 2022 kwamba barafu ile itakuwa imetoweka ifikapo 2050, niliisoma kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nikapiga hesabu: mtoto wetu wa kwanza akifika umri wangu, pale juu patakuwa jiwe tupu.

Basi nikapanga safari ya likizo ya Desemba. Siku ya kwanza Marangu, kupanda hadi kibanda cha Mandara na kushuka siku hiyohiyo. Kesho yake Ziwa Chala kule Rombo, ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano, upande wetu na upande wa Kenya. Nikatuma malipo ya awali kwenye nyumba moja ya wageni, nikapanda magari yangu matatu kwenda Kibaha kupeleka habari njema.

Tulikaa kwa mama ntilie pale Maili Moja, chai na chapati. Nikampa simu asome ujumbe wa malipo. Akausoma taratibu, kama anavyosahihisha madaftari.

"Katibu," akasema. Akiniita Katibu najua kuna jambo. "Hapa pameandikwa chumba kimoja."

"Cha vitanda viwili, mwalimu."

Akanitazama. Nikaongeza kwamba vyumba viwili ni gharama, kwamba sisi si watoto, kwamba posa imejibiwa, kwamba watu wazima wanaojiheshimu wanaweza kulala chumba kimoja, kila mtu kitanda chake na Rozari yake. Ndiyo, nilisema na Rozari.

"Mwezi wa tisa ulitufundisha nini pale ukumbini? Kuhusu nafasi za dhambi?"

Nilikuwa nimefundisha, tena kwa kurasa nne nilizoandika kwa mkono, na watu walipiga makofi. Kwa kuwa sikuwa na jibu, nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikamwambia barafu inaisha. Kila mwaka inapungua, tukisubirisubiri hatutaiona, mambo mazuri hayamngoji mtu.

Akaweka simu mezani. "Kwa hiyo na mimi naisha?"

Akalipia chai yake, akavuka barabara, akaondoka. Wiki tatu hatukuzungumza. Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa hayajaanza kusomwa, na mimi nilianza kuona kwamba huenda yasisomwe kabisa. Nyumba ile ya wageni haikurudisha hata senti moja, lakini hela ndiyo ilikuwa inaniuma kidogo kuliko vyote.

Nilikosea. Na yeye pia. (Hilo "pia" ndilo neno aliloliongeza yeye mwenyewe. Anasema siku ileile jioni aliwasimulia dada zake na wenzake wawili wa jumuiya, na kwamba kwa wiki tatu alijisikia vizuri sana kuwa yeye ndiye mwema. Anasema usafi wa moyo si fimbo ya kumchapia mwenzako. Haya ni maneno yake, mimi sikuthubutu kuyaandika.)

Katika zile wiki tatu nilikwenda Maneromango kumwona bibi. Bibi yangu mzaa mama ni Mwislamu wa swala tano, na ndiye aliyenilea. Sikumweleza kitu. Lakini bibi wa Kizaramo haelezwi, anaona. Ulikuwa mwanzo wa msimu wa maembe, watoto wa jirani walikuwa wameangua maembe machanga wakayavundika kwenye gunia ili wawahi kuuza stendi. Akalichukua moja, la njano kabisa, akanikabidhi na kisu.

"La kuvundika hili, mjukuu wangu. Rangi limepata. Menya sasa uone."

Lilikuwa chachu, nyuzi tupu. Akacheka, akaenda zake kutia udhu. Mimi nikabaki barazani na embe mkononi, nikakumbuka kwamba kwenye Wimbo Ulio Bora yule bibi harusi anawasihi mabinti wa Yerusalemu jambo lilelile mara tatu, sura ya 2, ya 3 na ya 8: wasiyaamshe mapenzi kabla ya saa yake. Na kitabu chenyewe ni cha mapenzi kweli, kinataja busu na harufu na shingo na macho, hakioni aibu hata kidogo. Kwa hiyo anayesema tusubiri si mtu anayeuchukia mwili. Ni mtu aliyewahi kula embe lililoivia mtini.

Nikaenda kuungama. Nitasema ukweli wote: sikuungama kwa paroko wangu. Niliona aibu, maana yeye ndiye aliyenipa zile kurasa nne nizisome kabla sijafundisha. Nikaenda kituo cha hija, Pugu, mahali ambapo nilitumaini kuwa hakuna anayejua sauti yangu. Nikaeleza habari ya chumba, nikaeleza unafiki. Padre, mzee, alinyamaza kidogo, halafu hakuuliza habari ya chumba. Aliuliza, "Mwanangu, unaogopa nini?"

Nilitaka kusema siogopi kitu. Nikajikuta nalia. Baba yangu aliondoka nyumbani nikiwa darasa la tatu, akisema anakwenda kutafuta maisha. Tangu siku ile kila kitu kizuri nikikiona, naona kama kinayeyuka mikononi, kwa hiyo nakishika kwa nguvu. Haraka yangu haikuwa ya barafu hata kidogo. Nilikuwa namwogopa mchumba wangu, kwamba kati ya leo na Pasaka ataona mimi ni nani, ataondoka. Nilitaka tuwe tumeshafika mahali ambapo hawezi kurudi nyuma.

Kijana mwenzangu, naomba usimame hapo kidogo. Tunapozungumzia dhambi hizi mara nyingi tunazungumzia tamaa, na tamaa ipo, sitaki kukudanganya. Lakini ukichimba chini yake, mara nyingi utakuta woga. Binti anakubali asichokitaka kwa sababu anaogopa kuachwa. Kijana anasukuma kwa sababu anaogopa kudharauliwa, au anaogopa kuwa kuna mwingine. Wote wawili wameambiwa kwamba ujana ni barafu, ule leo kwa sababu kesho haupo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2350, inauelezea uchumba kama kipindi cha kujaribiwa, cha kugundua kuheshimiana, cha kujifunza uaminifu, na cha kutumaini kwamba mmoja atampokea mwenzake kutoka kwa Mungu. Kumpokea. Mtu anayepokea hanyakui, mikono yake iko wazi.

Na kama ni suala la muda kuwa mfupi, yupo mtakatifu aliyekuwa na haki ya kulalamika. Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, alikuwa mpanda milima haswa, kamba na shoka la barafu, na kundi la marafiki wa kiume na wa kike wenye utani mwingi. Alimpenda binti mmoja wa kundi lile, Laura Hidalgo, na hakumwambia, kwa sababu nyumbani ndoa ya wazazi wake ilikuwa inakaribia kuvunjika na hakutaka kuongeza mgogoro. Alipatwa na polio akafariki baada ya siku chache, Julai 4, 1925, akiwa na miaka 24. Usiku wa kuamkia kifo, mkono umeanza kupooza, aliandika kikaratasi kwa mwandiko uliokatikakatika: kilihusu dawa za maskini mmoja aliyekuwa anamhudumia, zisisahaulike. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu Septemba 7, 2025, siku moja na Carlo Acutis. Nikimfikiria huwa najiuliza, mtu aliyebakiwa na saa chache tu, mbona hakuwa na haraka ya kujipatia chochote?

Turudi Pugu. Nilipotoka kuungama sikupanda gari. Nilikaa chini ya mti, na kwa mara ya kwanza nikapafikiria mahali pale. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikachomwa moto, mabradha wawili na sista mmoja wakauawa. Haikuwa imemaliza miaka miwili. Ukisema mambo mazuri yanayeyuka, hapo ndipo ungesema. Lakini baadaye Kanisa lilijenga shule kubwa Pugu, Mtakatifu Fransisko, na akaja kufundisha hapo kijana mmoja kutoka Butiama.

Habari ya huyo nyote mnaijua, ila upande wa uchumba hatuusimulii sana. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh kusoma mwaka 1949 akiwa ameshamchumbia Maria. Alirudi 1952. Miaka mitatu ya kuwa mbalimbali. Januari 1953 wakafunga ndoa, wakaja kuanza maisha Pugu, kwenye vilima hivihivi vinavyopakana na Kisarawe. Na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu kwa ajili ya TANU, mshahara ukaisha, mama akiwa na watoto wadogo. Mimi nadhani ile miaka mitatu ya kungoja ndiyo iliyomwandaa Mama Maria kwa huo mwaka wa 1955. Mtu asiyejua kungoja Edinburgh asingeiweza TANU.

Nikamwandikia ujumbe mwenzangu palepale. Sikuandika kirefu: kwamba nimeungama, kwamba samahani, kwamba Kilimanjaro imefutwa, kwamba nataka tutembee tu kwenye msitu wa kwetu, mchana kweupe. Saa nne zikapita. Likaja jibu: "Sawa. Jumamosi. Nakuja na mdogo wangu."

Akaja na mdogo wake kweli, binti wa kidato cha tatu, aliyetumwa kutulinda. Akatulinda kwa kutembea hatua ishirini nyuma akila karanga.

Hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi naipendekeza kwa kila kijana wa Dar na Pwani ambaye anadhani kutalii ni mpaka upande basi siku nzima. Milima yenyewe si ya kutisha. Mtu wa Moshi akiiona atauliza mlima uko wapi. Lakini msitu ni wa asili, wa kale, una miti na ndege ambao huwakuti mahali pengi duniani. Lipo bwawa la Minaki, unaweza kukaa ukingoni ukasikiliza maji hayasemi kitu. Yapo mapango ya zamani ya kuchimba udongo mweupe, yamejaa popo. Ukifika juu unaliona jiji la Dar lote limelala mbali kwenye ukungu wa joto, na ajabu ni kwamba kelele zake hazifiki.

Tulitembea na mhifadhi mmoja, mzee wa maneno machache. Akatuonyesha bonde, akasema Mto Msimbazi, ule unaowatesa watu wa Jangwani kila masika, unaanzia kwenye milima hii. Mwenzangu, kwa kuwa ni mwalimu, akauliza mbona basi huku hakuna mafuriko. Mzee akakanyaga majani makavu chini, mguu ukazama.

"Mvua ikinyesha, msitu unakunywa kwanza," akasema. "Halafu unatoa kidogokidogo, hata kiangazi. Ukiukata, maji yote yanashuka siku moja, halafu hakuna tena."

Akaendelea kutembea. Sisi tukasimama. Kiukweli sijawahi kusikia mahubiri ya uchumba mazuri kuliko hayo, na yule mzee sidhani kama alijua tuko wachumba.

Baadaye nikasoma kitu ambacho kwenye usomaji wangu wote wa Kilimanjaro nilikuwa nimekiruka. Mito na chemchemi zinazowanywesha watu wa Moshi, Hai na Rombo hazitegemei sana ile barafu. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Maji mengi ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulioko kiunoni mwa mlima, ule wa giza, wenye matope, ambao mtalii anaupita haraka akiwahi juu. Hata Ziwa Chala halina mto mkubwa unaoingia; linalishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka mlimani. Ni vilevile na Ruvu yetu: inatoka Milima ya Uluguru, inapita Mlandizi, pale Kibaha, na tangu mwaka 2020 maji yake yanafika hadi Kisarawe kupitia Kibamba. (Mwenzangu hunikumbusha hilo kila tukibishana: maji unayokunywa kwenu yamepitia kwetu.) Mimi miezi yote nilikuwa nalilia barafu, sehemu inayong'aa, ya kupigia picha. Kumbe anayekata kiu ni msitu. Misa za kila Jumapili, simu za saa tatu usiku, nauli za magari matatu, kuvumilia kimya cha mwenzako bila kukijaza na hasira, huo ndio msitu wetu, na nusura niukate kwa ajili ya wikiendi moja.

Soma Kitabu cha Tobiti. Sisi Wakatoliki tunacho kwenye Biblia yetu na hatukisomi. Tobia anatumwa na baba yake kwenda mji wa Rage, Media, mji wa milimani, kuchukua fedha. Anapata mwenzake wa safari ambaye hajui kuwa ni malaika Rafaeli, na mbwa anawafuata. Njiani kuna mto, kuna samaki, halafu kuna Ekbatana na Sara, msichana ambaye waume wake saba wamekufa kila mmoja usiku wa ndoa. Tobia anaoa. Na usiku huo, baba mkwe Ragueli anatoka nje na watumishi wake kuchimba kaburi, ili kijana akifa azikwe kabla majirani hawajajua! Hebu fikiria: ndani chumbani Tobia anamwomba Sara ainuke kitandani wasali pamoja kwanza, nje majembe yanachimba. Sura ya 8. Hakuna watu waliokuwa na sababu ya kuogopa kuliko hawa wawili, na hawakukimbilia kunyakua. Walisimama wakasali.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hulipita: Tobia hakufika kwenye ule mji wa milimani. Alibaki kwenye sherehe ya ndoa, Rafaeli ndiye akaenda kumchukulia zile fedha. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Sasa, dada wa kwaya, nije kwenye swali lako, maana najua unasema kaka huyu amezunguka kama gari la Mbezi.

Nendeni. Mlima ni kazi ya Mungu na Yesu mwenyewe aliwapandisha rafiki zake mlimani. Padre Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, miaka ya hamsini alikuwa anawachukua vijana wa Poland, wachumba kwa wanandoa, kwenda milimani na kwenye maziwa na mitumbwi, na wao walimwita Mjomba kwa sababu serikali ya kikomunisti haikutaka kuona mapadre na vikundi vya vijana. Alikuwa kwenye mtumbwi mwaka 1958 alipoitwa kuambiwa kuwa ameteuliwa kuwa askofu. Kutokana na vijana wale na maswali yao alipata mengi aliyoyaandika kwenye kitabu chake cha Upendo na Uwajibikaji, mwaka 1960. Lakini angalia: walikwenda kundi. Tafuteni wengine wanne watano wa VIWAWA, gharama ya gari itapungua pia. Waambieni wazazi wa pande zote mbili ratiba yote, pamoja na mahali pa kulala. Kama kuna sehemu ya ratiba ambayo hungependa mama aisikie, hapo umeshapata jibu lako. Vyumba vya wanawake mbali, vya wanaume mbali. Na kama hela haitoshi vyumba viwili, hela haijatosha, ngojeni itoshe. Usikubali hesabu yangu ya vitanda viwili.

Na kama wewe unayesoma ulishakubali hesabu hiyo, ukalala, na sasa unasoma kwa moyo mzito, siandiki ili nikuongezee mzigo. Mimi niliponea kwenye tundu la sindano, tena si kwa nguvu zangu, bali kwa sababu mwenzangu alivuka barabara. Tafuta Sakramenti ya Kitubio. Kama unaona aibu kwa paroko wako, nenda Pugu.

Tulifunga ndoa mwezi wa tano. Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, tukaenda Kilimanjaro, chumba kimoja. Basi la asubuhi kutoka Kibaha, Chalinze, Segera, halafu milima ya Usambara inakuja kulia kwako, kisha ya Pare, saa nzima na zaidi milima haikuachi. Tulishuka hadi majini Chala, tukachafuka, mwenzangu akateleza akakaa kitako akacheka mpaka machozi. Tulipanda hadi Mandara, mita 2,720, kwenye ule msitu, na huko nilitembea polepole makusudi, nikinusa ukungu. Mlima wenyewe hatukuuona. Siku ya kwanza mawingu. Siku ya pili mawingu, kutoka chini mpaka juu, kama mtu amefunika shuka. Mwezi wa sita kule ni hivyo, wenyeji walituambia, tukajifanya tulijua.

Asubuhi ya tatu, siku ya kuondoka, jua likikaribia kuchomoza, niliamka nikakuta kitanda upande wake pametupu. Nikasikia sauti kutoka nje. "Katibu! Katibu, njoo!"

Nikatoka bila viatu. Alikuwa amesimama uani na blanketi mabegani. Kibo ilikuwa imejitokeza yote, karibu mno, ya rangi ya waridi, na juu kabisa, upande mmoja, vipande vyeupe. Vidogo. Nilivyokuwa nimeisoma na kuililia, nilidhani nitapiga magoti. Nilisimama tu. Yeye akaniangalia mimi, akaiangalia ile barafu, akaniangalia tena.

Kuna jambo sikuwaambieni. Siku ile ya Kisarawe, tulipotoka msituni tumechoka, yule mdogo wake alinunua barafu tatu za ubuyu pale stendi, za kwenye vifuko, tukazinyonya tumekaa kwenye ukingo wa mtaro tukisubiri gari.

"Hii ndiyo uliyotaka kunikimbiza nayo?" mke wangu akasema. "Ile ya Kisarawe ilikuwa kubwa zaidi."

Mawingu yakafunga. Tukaingia ndani kunywa chai, basi lilikuwa linaondoka saa mbili.